Kila Mtu Asikie, Lakini si Pamoja

Siku mliyoniaga nikistaafu pale ofisini Kisii mlisema maneno mengi mazuri, na mengine hayakunihusu kabisa. Mmoja wenu, simtaji jina, alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumkaripia mtu. Akina mama waliokuwa wamekaa nyuma walicheka mpaka wakashikana mabega. Hapo ndipo nilipoamua kuandika mwenyewe kabla hamjanigeuza malaika. Vyeo nitaviruka. Mshahara sitautaja, kwa kuwa mnaujua na mnaulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, yaani kumwambia mtu jambo la afya yake na yeye akaliamini.

Nilizaliwa karibu na Ogembo na jina langu ni Kerubo, ingawa wengi wenu hamjawahi kulitumia kwa sababu mlinikuta nikiitwa Mwalimu. Nilianza kama msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya misheni, nikiosha vidonda na kuchemsha sindano. Uhuru ulipokuja, serikali ikawa inatafuta watu wa kuzunguka vijijini kufundisha afya, na matroni wetu akanipendekeza mara moja. Alisema nina sauti inayofika mbali. Mimi nadhani alitaka wodi yake ipate utulivu.

Siku ya kwanza nilipewa baiskeli ya kiume, ubao uliofunikwa kitambaa cha flaneli, na mfuko wa picha za kubandika juu yake: inzi, choo, ndoo ya maji, mama anayenawa mikono. Picha hizo zilichorwa mbali sana na Gusii. Mama yule alikuwa amevaa kofia yenye maua, na nilipofika nazo Daraja Mbili siku ya soko, wauza ndizi waliniuliza kama ni lazima mtu avae kofia ndipo anawe mikono. Niliwajibu kwa ukali. Nikaenda kando, nikachukua mkasi, nikakata ile kofia. Mama akabaki na kichwa kifupi kidogo, lakini hakuna aliyeuliza tena.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ratemo, mtu wa afya aliyekuwa amezunguka milima yetu kwa miguu tangu zamani za wakoloni. Alikuwa mpole kiasi cha kunichosha. Aliniambia nikifika nyumbani kwa mtu nisitaje ugonjwa wowote mpaka mwenye nyumba aniulize nimekuja kufanya nini, maana asiyeuliza bado hana nafasi ya kusikia. Nikimaliza kusema nisiondoke, nikae kidogo. Alisema watu hukubali kila kitu ubao ukiwa umesimama, na maswali yao halisi huja mfuko ukishafungwa. Nilimwona akikaa hivyo kwa mtu mmoja wa kule kwenye majani chai ambaye alitusifu sana kwa somo la maji ya kuchemsha. Mzee Ratemo alikaa, akanywa uji, akazungumza habari za ng'ombe. Mwishowe yule bwana akatueleza kwamba anachemsha maji ya wageni tu, kwa kuwa watu wa nyumbani wameshayazoea yale mengine. Bila uji ule tungeandika ofisini kwamba kazi imekwisha.

Miaka ya sabini ilipoanza nilihamishiwa upande wa Nyamira, na huko shida yangu kubwa ikawa surua. Ninyi mnaifahamu kwenye vitabu. Mimi niliifahamu kwa sauti, kile kikohozi kikavu cha watoto wengi ndani ya nyumba moja. Sindano ya kuikinga ilikuwa imeanza kutufikia, ikiletwa kwa gari ndani ya kisanduku cha barafu, na mara nyingi gari lilirudi Kisii na dawa karibu yote. Akina mama hawakuja. Kulikuwa na maneno yanazunguka kwamba sindano ile inafunga kizazi, kwamba mtoto wa kike akichomwa leo ataolewa kesho na hatazaa. Nilipiga kelele sokoni, nilipiga kelele makanisani, ya Wasabato na ya Wakatoliki. Redio nayo ilikuwa na kipindi cha afya kwa Ekegusii, lugha yetu, na kipindi kilieleza vizuri kabisa kwamba maneno yale ni uongo. Bado hawakuja.

Wakati huo akaja Dokta Mwakio. Alikuwa Mtaita, mwalimu wa chuo kikuu, kijana bado, na hakuwa daktari wa dawa bali msomi wa habari. Jambo hilo lilimtesa sana huku kwetu, maana kila alipotajwa kuwa dokta mtu alikunja suruali kumwonyesha kidonda. Alitaka kujua watu wanapopata habari za afya wanamwamini nani: redio, gazeti, chifu, kanisa, jirani, au sisi watu wa serikali. Nilipewa kazi ya kumtafsiria na kumsaidia kuuliza maswali. Sikumpenda mwanzoni. Nilikuwa nimeona wasomi wakija, wakiuliza, wakila ndizi, wakienda Nairobi, na hatukusikia tena hata salamu.

Tulizunguka naye mpaka nyumba za juu kabisa za Nyaramba. Huko tulifika kwa Mzee Ombati, aliyefiwa na mkewe, mwenye shamba la majani chai na redio ya betri aliyoiweka barazani mwake kama kiti cha mgeni wa heshima. Mwanawe alifanya kazi Kericho. Mji ulibaki na mzee na Moraa, mke wa yule mwanawe, pamoja na binti mdogo wa Moraa aliyeitwa Kwamboka. Moraa alikuwa anapukuchua mahindi mbele ya nyumba yake, mtoto mgongoni. Nilimuuliza maswali ya Dokta moja baada ya jingine, kwa Ekegusii, naye alijibu bila kuacha kazi yake. Nikafika kwenye swali la sindano ya surua.

"Mimi sipeleki mtoto," akasema.

"Kwa nini?"

"Inafunga kizazi."

"Nani alikwambia?"

"Redio."

Niliinua macho. "Redio ipi?"

"Hiyo ya mzee. Nimeisikia kwa masikio yangu, Mwalimu, si habari za kuokota sokoni."

Dokta alikuwa ametukataza kufundisha wakati wa kuuliza, kwa sababu ukimfundisha mtu kabla hajajibu unapata jibu lako mwenyewe. Niliuma ulimi mpaka maswali yalipokwisha. Ndipo nikamwambia kwamba si kweli, sindano haigusi kizazi hata kidogo. Alinitazama kwa huruma.

"Redio ni ya serikali," akasema. "Na wewe ni wa serikali. Sasa mnaniambia mawili. Nishike lipi?"

Halafu akanionyesha kwa kidevu mahali palipoota nyasi fupi karibu na migomba. Alikuwa amemzika hapo mtoto wake wa kwanza, mvulana, aliyechukuliwa na surua. "Nikimwacha huyu bila sindano, itakuja kumchukua pia. Nikimpeleka, atakua, ataolewa, atarudishwa kwangu kwa kuwa hazai, na ataniuliza nilimfanyia nini. Na mzee mwenye mji hajasema nenda. Kwa hiyo nikisikia mtoto wa jirani anakohoa, namfungia huyu ndani. Ndiyo dawa niliyo nayo."

Nilishuka mlima ule nimekasirika sana, na sikujua namkasirikia nani. Nilikuwa na uchungu pia, na nilikuwa naogopa.

Dokta Mwakio aliondoka na majibu yake. Miezi ilipita na mimi nikamhesabu kuwa mmoja wa wale wa kuja na kwenda. Siku moja akarudi, anaendesha mwenyewe gari la kuazima lililojaa matope mpaka kwenye vioo, na ripoti yake mkononi. Ilikuwa ya Kiingereza na nzito. Alinieleza yaliyomo tukiwa tumekaa nje ya ofisi. Mengi niliyatarajia. Moja halikuingia akilini mwangu wala mwake. Wake wa vijana walioishi kwenye maboma yenye redio waliiogopa sindano kuliko wale wasiokuwa na redio kabisa. Kipindi kile kile kilichoandaliwa kuondoa hofu kilionekana kuipanda. Dokta, kwa uaminifu wake, alikuwa ameandika kwamba sababu haijulikani.

"Basi umekuja kuniuliza sababu," nikasema. "Hata mimi siijui."

"La," akasema. "Nimekuja kuwasomea. Maneno haya ni yao, Bi Kerubo. Nikiyaacha chuoni, watayasoma wenzangu wachache, watanipongeza, na waliosema hawatajua walisema nini kwa pamoja. Nataka kila mtu asikie. Na asikie lugha anayoielewa."

Hapo nikaanza kumpenda. Mkubwa wetu wa ofisi hakumpenda kiasi hicho. Alisema ripoti za chuo ni za wasomi na zikisomwa mashambani zitaleta fujo. Nadhani kilichomuumiza ni ukurasa mmoja ambapo watu walisema hawatuamini sisi wa afya kwa sababu tunawagombeza. Mwishowe alikubali kwa sharti. "Someni, lakini ukurasa ule urukeni." Dokta alimshukuru kwa heshima na hakuahidi chochote. Nilimwona na nikanyamaza. Gari la sindano lilikuwa limepangwa kuja Nyaramba wiki iliyofuata, na surua ilikuwa imesikika tayari upande wa pili wa kilima. Sikuwa na nafasi ya kubishana juu ya heshima ya ofisi.

Chifu akaita baraza kama kawaida. Watu wa Nyaramba wakajaa uwanjani: wazee kwenye viti mbele, vijana wamesimama, wanawake wamekaa kwenye majani, wakwe na wakamwana, kila mtu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukitangaziwa kodi na dawa ya ng'ombe, na hakuna aliyewaza kufanya vingine. Tulikuwa tumepatana kwamba Dokta ataanza na mambo ya magazeti na redio, polepole. Lakini aliposimama mbele ya umati ule furaha ilimzidi. Aliruka yote akaenda moja kwa moja kwenye lile lililomnyima usingizi.

"Ndugu zangu," akasema kwa Kiswahili chake kizuri, "wake wa vijana wenu wanaamini kwamba sindano ya surua inafunga kizazi."

Akanigeukia nitafsiri.

Kwa wale mliotumwa huku kutoka pengine, nieleze. Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Mzazi na mtoto, na zaidi baba mkwe na mke wa mwanawe, hawasemi mambo ya kizazi wakiwa pamoja, na hawakai mahali pamoja wakayasikia. Baba mkwe haingii hata nyumba ya mwanawe. Si uadui. Mtu mwenye adabu akisikia mazungumzo yanaelekea huko, anainuka taratibu na kwenda, kama aliyekumbuka kazi. Mimi, mwenye sauti ya kufika mbali, nilisimama mbele ya akina baba wakwe wote wa Nyaramba na wakamwana wao, na sauti haikutoka. Nikasema kwa Ekegusii kwamba mgeni anasalimu na kwamba ana mambo.

Haikusaidia. Waliojua Kiswahili walikuwa wameshasikia, na wasiojua waliwaona waliojua wakitazama chini. Mwanamke mmoja akainuka, akakung'uta nguo. Wa pili akafuata. Muda si muda upande wote wa wanawake vijana ulikuwa mtupu, na baadhi ya wazee nao walikuwa wamegundua kwamba ng'ombe wao hawajanywa maji. Dokta akabaki na karatasi zake mkononi.

"Nimewaudhi?" akaniuliza.

Chifu alimjibu kabla yangu. "Dokta, hiyo maneno haisemwi hapa! Mzee ako hapa na bibi ya kijana yake ako hapa. Unataka waangalie wapi? Umevua watu nguo mbele ya wazazi."

Maskini Dokta aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Niliwafuata wanawake, nikawakuta wamesimama kati ya migomba iliyokuwa nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakuna aliyekasirika. Moraa alinisogelea, Kwamboka mgongoni, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, yule bwana angesema nini baada ya hapo?"

"Baada ya wapi?"

"Baada ya kusema inafunga kizazi. Kuna maneno yanafuata?"

"Kwani kwenye redio hukuyasikia yanayofuata?"

"Nitayasikiaje? Redio iko kwa mzee. Mimi niko uani na mahindi yangu. Ikitaja kizazi, mimi nainuka nakwenda. Sijawahi kusikia inamalizaje."

"Hata mimi," akasema mwingine. "Sisi huondoka hapo hapo."

Wakaitikia wote. Kipindi kile, jamani, kilianza hivi kila mara: *Kuna watu wanaosema sindano ya surua inafunga kizazi.* Halafu ndipo kikafafanua, kwa ufundi mwingi, kwamba si kweli. Wanawake wenye adabu njema walisikia sentensi ya kwanza kwa sauti ya serikali, wakainuka, wakaenda migombani na uongo mtupu. Asiye na redio hakuwa na bahati hiyo. Waliiamini redio kabisa. Walichokosa ni nusu yake ya pili.

Nilirudi uwanjani nikikimbia, na kwa umri wangu wa wakati ule haikuwa picha nzuri. Nilimweleza Dokta nikihema. Aliketi kwenye ngazi ya gari, kisha akacheka kwa furaha kama mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. "Niliandika haijulikani," akasema. "Kumbe ilikuwa inangoja nirudi niulize." Hakuona haya hata kidogo, akafuta neno lake pale pale na kuandika jipya. Wasomi wa namna hiyo wapo, nanyi mkimpata mmoja mtunzeni.

Tukarudi kwa chifu. Alikuwa bado amefura, lakini alikuwa na wajukuu. Tulimwambia kwamba tunataka kila mtu asikie, isipokuwa si pamoja. Alifikiri, akauliza kama tunataka baraza moja au mengi, akalalamika kwamba chuo kikuu kitammalizia wiki. Kisha akapanga mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningepanga mimi. Wazee wakakutana na Dokta kwenye kituo cha kununulia majani chai. Vijana wa kiume wakapewa siku nyingine, maana nao hawawezi kuyasikia hayo na baba zao. Akina mama wakubwa wakakaa nami pale kwenye kinu. Wake wa vijana nikakutana nao kanisani kwa Wasabato, mlango umefungwa, na mzee wa kanisa akaondoka mwenyewe bila kuombwa.

Niliwasomea ripoti yote. Nilifika kwenye ukurasa ule wa kurukwa. Nikautazama. Nikausoma: watu wa afya wanagombeza, wanasema na mama kama wanasema na mbuzi aliyekula mboga, na ndiyo maana mama hawaambii ukweli. Walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo ni wewe kabisa," na mimi nikasema najua, na tukacheka pamoja. Nawaambia vijana wangu, sikuwahi kusikilizwa kama nilivyosikilizwa baada ya kicheko kile. Ofisini tulingoja radi ipige. Haikupiga. Mkubwa wetu hakuuliza, nasi hatukumsumbua na majibu.

Nilipofika kwenye sindano nilianza na mwisho. Nikasema sindano ya surua haifungi kizazi, nikaeleza inafanya nini mwilini, na uongo nikauacha nyuma kabisa ambako haukuwa na mtu wa kumwondoa. Moraa aliinua mkono.

"Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Rudia tena, mpaka mwisho."

Nikarudia mpaka mwisho. Aliinama akajifuta uso kwa kanga. Kisha akauliza kitu nilichokuwa nakiogopa. "Na mzee? Akikataa?"

Nilimwambia nitamuulizia. Nilimuuliza Dokta kama Mzee Ombati alisema lolote kule kwenye majani chai. Alisema mzee alikaa mwanzo mpaka mwisho, akavuta kiko, na hakufungua mdomo. Nilimpelekea Moraa habari hiyo kama ilivyokuwa. Kwetu mzee akinyamaza unaweza kuusoma unyamavu wake unavyotaka, na Moraa aliusoma kama mwenye hofu anavyosoma.

Mkumbuke jambo hili mnapotunga matangazo yenu. Dokta aliwaandikia watu wa kipindi akawaomba waanze na ukweli na wasiutangulize uongo. Sijui barua ilipita kwa nani. Najua tu kwamba baadaye nilisikia kipindi nikiwa kwenye duka moja Ogembo, na kilianza kwa kusema sindano ni salama. Nilimwambia mwenye duka aongeze sauti, akadhani napenda muziki unaofuata.

Gari la sindano likaja Nyaramba siku iliyopangwa. Tulisimamisha meza, nesi akafungua kisanduku cha barafu, mimi nikasimama kando na kipaza sauti ambacho kwa mara ya kwanza sikukihitaji. Walikuja. Walitoka kwenye kila njia ya mlimani, watoto migongoni na mikononi, mstari ukapinda kuzunguka maduka. Nilifurahi, sikatai, lakini macho yangu yalitafuta mtu mmoja. Jua likapanda na Moraa hakuwapo. Nilianza kugombeza watu bila sababu, nesi akaniomba nikanywe chai.

Mchana ulipofika nikamwona. Alikuja kwa njia ya chini, ile ya mtoni, ambayo hutumiwa na mtu asiyetaka kuonekana kutoka nyumbani kwa Mzee Ombati. Alikuwa amembeba Kwamboka mbele, amemkumbatia. Alipanga mstari bila kumtazama mtu. Alipokaribia meza aliinua macho, akasimama kama aliyepigwa. Nami nikageuka. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mbolea, alikuwa amesimama Mzee Ombati na fimbo yake.

Moraa alinitazama mimi. Nilitaka kumwambia asogee, lakini jambo hilo halikuwa langu kuliamua. Mzee alituangalia kwa muda mfupi. Kisha akageuka polepole, akatupa mgongo, akaanza kusoma maandishi ya gunia la mbolea. Alikuwa hajui kusoma.

Moraa akasogea mbele. Akaufunua mkono wa mtoto mwenyewe. Nesi akachoma, na Kwamboka akatoa ukelele uliosikika mpaka kwenye kinu. Moraa alimfunika, akamsugua mkono, akapita karibu nami bila neno, akarudi kwa njia ile ile ya chini. Lakini safari hii alitembea katikati ya njia.

Alipokwisha kupotea kwenye migomba, Mzee Ombati akavuka barabara. Nilimwamkia, "Tata," kama tunavyomwamkia baba yeyote, naye akaitikia. Alisimama kando yangu akiangalia magurudumu ya gari.

"Yule mtoto wa kwetu," akasema, "amelia?"

"Amelia sana, Tata."

"Kwa nguvu?"

"Amempiga nesi teke."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akaichimba ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Mwalimu, ile redio mimi niliisikia mpaka mwisho. Siku zote hizi nilikuwa nangoja mtu amwambie. Mimi ningemwambia kwa kinywa gani?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Alishika njia ya juu, ndefu kuliko ile nyingine, asije akampita mkamwana wake njiani. Niliketi kwenye ngazi ya gari, machozi yananitoka na ninacheka. Nesi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, amwite mama anayefuata.